MTU WA SPANA NAYE ASOME
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa wanachama, Mtopanga)



Katibu aliniambia niseme robo saa juu ya masomo ninayosoma jioni. Robo saa haitoshi, lakini sitawaweka mpaka giza liingie. Kwanza nitaeleza masomo yenyewe ni nini, maana wengi wenu mmeniuliza njiani, "Wewe ni mtu mzima, una watoto, wasomea nini tena?" Kisha nitasema jambo moja ninalotaka chama kilichukue mpaka kwenye meza ya mapatano, na hilo ndilo hasa lililonisimamisha hapa.

Nasomea diploma ya ufundi wa mitambo mizito. Kwa watu wa Mtopanga sina haja ya kueleza sana mitambo mizito ni nini. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa jirani yetu tangu 1954, na wengi tumekua tukiona tingatinga na eskaveta kabla hatujaona ndege kwa karibu. Ng'ambo kule Kilindini kuna winchi za kushushia makontena. Barabarani kuna greda. Kwetu reli kuna kreni ya kuinulia mabehewa yaliyoanguka, kuna foklifti, na kuna ile mashine inayotembea juu ya reli ikishindilia kokoto chini ya mataruma. Zote hizo, ingawa kazi zake ni mbalimbali, ndani yake ni ndugu wa baba mmoja: injini ya dizeli, haidroliki, gia, na umeme. Mtu akijua hayo manne vizuri, hafungwi na mashine moja wala na mwajiri mmoja.

Sasa, wako wanaosema fundi hujifunza kwa mkono, na makaratasi ni ya watu wa ofisini. Mimi nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu nimefundishwa na mmoja wao. Mzee aliyenipokea kazini alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, mpini akautia sikioni, kisha akakwambia beringi hii ina wiki mbili. Na wiki mbili zikawa wiki mbili. Mzee yule alistaafu akiwa bado katika ngazi ya msaidizi wa fundi. Vijana aliowafundisha, waliokuja na diploma mkononi, walipita juu yake mmoja baada ya mwingine, naye ndiye aliyewaonyesha mahali pa kutia grisi. Sitapataja mahali hapo, na kwa kweli haina maana kupataja, kwa sababu kila mmoja wenu anapajua pa kwake.

Lakini nataka niseme pia upande wa pili. Wale vijana hawakuiba cheo. Walijua kitu ambacho mzee hakukijua, na siku nyingine kitu hicho kilikuwa kinahitajiwa. Mzee aliweza kusikia beringi inakufa. Hakuweza kuandika ni kwa nini beringi za mashine ile zinakufa kila baada ya miezi minne. Kijana alifungua kitabu cha mashine, akasoma mchoro, akapima, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, na mkubwa akaisoma. Mkono na kitabu ni vitu viwili, nami nataka mtu mmoja awe navyo vyote viwili. Mkono sisi tunao tayari. Kilichobaki ni kitabu, na hicho chapatikana.

Nitoe mfano ili msidhani nasema maneno matupu. Kreni inakataa kuinua mzigo. Mzigo jana iliuinua, leo inapanda nusu inasimama. Fundi wa mkono mtupu husema, "Pampu imekufa." Pampu mpya huagizwa, fedha nyingi hutoka, wiki tatu hupita, pampu hufungwa, na kreni bado hainyanyui. Hapo huanza lawama, na lawama huteremka ngazi mpaka imfikie mwenye ovaroli.

Jambo la kwanza ambalo mwalimu wa haidroliki alituandikia ubaoni ni hili: pampu haileti presha, pampu huleta mtiririko wa mafuta. Presha huja pale mtiririko unapokutana na kizuizi, yaani mzigo. Darasa zima tulinyamaza, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumefanya kazi miaka kumi tukiamini vingine. Ukilielewa jambo hilo, hutakimbilia pampu. Utafunga geji ya presha na kuuliza, mafuta yanapotelea wapi? Huenda vali ya kuachilia presha imechoka, inafunguka mapema na kuyarudisha mafuta tangini. Huenda sili ya silinda imekatika, mafuta yanapita ubavuni mwa pistoni. Huenda chujio la upande wa kuvuta limeziba, na pampu inalia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Kila ugonjwa una dalili yake na kipimo chake, na kipimo ni cha nusu saa. Sili ya silinda ni fedha kidogo sana ukiilinganisha na pampu.

Na habari ya nguvu yenyewe. Alikuwako Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662 akiwa na umri wa miaka 39, yaani mtu wa rika langu. Yeye ndiye aliyeeleza kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungwa ndani ya chombo, msukumo huo hufika kila upande sawasawa. Basi chukua pistoni ndogo yenye eneo la sentimita za mraba 2, na kubwa yenye sentimita za mraba 100, uziunganishe kwa mafuta. Ukikandamiza ile ndogo kwa uzito wa kilo 10, kubwa itainua kilo 500. Ndiyo maana mtoto wa kidole kimoja aweza kuinua kontena kwa kusukuma kijiti. Lakini hakuna cha bure: ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo lazima iteremke sentimita 50. Hesabu hii ni ya shule ya msingi. Mimi niliijua tangu shule ya misheni, kuzidisha na kugawanya. Hakuna aliyenionyesha kwamba hesabu ile ndiyo iliyomo ndani ya jeki.

Nitaje na uchafu, kwa sababu hapa pwani tuna chumvi hewani na vumbi la matumbawe kila mahali. Nafasi iliyoko baina ya vyuma vya ndani ya pampu ya haidroliki hupimwa kwa maikroni. Maikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara 1000. Unywele wa mtu una maikroni kama 70. Jicho zuri haliwezi kuona kitu kilicho chini ya maikroni 40 hivi. Na uchafu unaoila pampu ni wa maikroni 5 au 10. Kwa hiyo fundi anayetazama mafuta kwenye kiganja akasema "haya ni safi", anasema asilolijua, hata akiwa na macho ya mwewe. Mafuta hupelekwa kupimwa maabara. Huko husomwa kama kitabu: shaba ikizidi, bushi na beringi zinalika, chuma kikizidi, tazama gia au silinda, silika ikizidi, vumbi linaingia, angalia chujio la hewa na mipira yake. Mashine inakueleza ugonjwa wake kabla haijalala. Mimi naona hili ni jambo zuri kuliko yote katika masomo haya, na ningeweza kulisema mpaka kesho, lakini Mwenyekiti ananitazama.

Liko moja ambalo sitaliacha hata Mwenyekiti akinitazama vipi, kwa sababu ni la mikono yetu. Eskaveta za siku hizi hufika presha ya bari 350. Gurudumu la gari dogo lina bari 2 na kitu. Sasa hozi ikitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa nguvu isiyoonekana, na mtu akipitisha mkono kutafuta linapovuja, yale mafuta huingia ndani ya nyama kama sindano ya daktari. Nje utaona kitone tu, hata damu haitoki. Mtu huosha mkono akaendelea na kazi. Usiku mkono huvimba, na kesho yake daktari anazungumza habari ya kukata. Jambo hili linataka daktari wa upasuaji saa ile ile, na aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia mwilini, asije akafunga bandeji akakurudisha nyumbani. Mahali panapovuja hutafutwa kwa kipande cha kadibodi au ubao, na mashine huzimwa na presha hutolewa kabla ya kufungua nati yoyote. Ukitoka hapa umesahau yote niliyosema, hili usilisahau. Mwambie na kijana wa turnboi anayekusaidia.

Basi, masomo yenyewe yako vipi? Katika diploma ya uhandisi wa mitambo inayotahiniwa na Baraza la Mitihani la Kenya kuna moduli tatu. Kuna hesabu, kuna sayansi ya mitambo, kuna michoro, kuna habari za vyuma na jinsi vinavyochoka, kuna umeme, kuna joto na injini. Ndipo nilipofahamu kwa nini dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mara ya kwanza mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, aliikandamiza hewa mpaka ikawa moto sana, joto lake kupita digrii 500, kisha mafuta yakanyunyizwa humo yakawaka yenyewe. Kuna na somo la mawasiliano, kuandika barua na ripoti, ambalo mafundi hulidharau. Msilidharau. Ile ripoti ya ukurasa mmoja niliyoitaja inatoka humo.

Nami sasa niko katika moduli ya pili. Sikukanyaga sekondari. Nilimaliza darasa la nane katika shule ya misheni, karo ya mbele haikupatikana, nikaingia reli kama kibarua wa kubeba grisi. Sheria ya mlango wa diploma kwa mtu atokaye sekondari ni alama ya C ya kutoa. Wengi wetu tukisikia hivyo tunarudi nyumbani. Lakini mlango huo si mmoja. Mwenye cheti cha shule ya msingi aweza kuanza ngazi ya artisan, akifaulu aende ngazi ya ufundi inayoitwa craft, akifaulu aingie diploma, hata kama hakuona sekondari. Ndiyo njia niliyopita mimi, na imenichukua miaka saba mpaka hapa. Kijana wa mchana angeimaliza upesi zaidi. Mimi nina zamu.

Iko na njia ya mitihani ya gredi chini ya NITA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda: gredi ya tatu, ya pili, na ya kwanza. Hii yafaa sana kwa mtu aliyejifunza kazi kwenye karakana, kwa sababu atafanya kazi kwa mikono mbele ya mtahini. Tena serikali imekubali utaratibu wa kumpima mtu kwa ujuzi aliopata kazini na kumpa cheti chake, bila ya kumkalisha darasani kufundishwa yale ambayo yeye mwenyewe angeweza kuyafundisha. Laiti utaratibu huo ungalikuwako wakati wa mzee wangu wa bisibisi.

Hapa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali. Pale Tudor, kwenye barabara yenye jina la Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanya kazi, kuna Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Ilianzishwa 1948 kwa fedha za Sultani wa Unguja, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya kikoloni, juu ya ardhi iliyotolewa na Sheikh Khamis bin Mohamed bin Juma, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Ilikuwa ya Waislamu wa Afrika Mashariki yote. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wote, na mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi, 1972 Politekniki, na 2013 chuo kikuu. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini misumeno na tupa hazikutoka. Bandarini kuna chuo kinachofundisha waendeshaji wa mashine za kupakulia. Nairobi kuna chuo cha reli kilichofunguliwa 1956, na kuna kile cha barabara na majengo, KIHBT, ambacho mafundi na madereva wa greda wanakijua sana. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hakuna pa kusomea.

Huenda mtu akauliza, kwa nini haraka? Kwa sababu mashine haitungoji. Tazama reli. Mwaka 1955 Reli ya Afrika Mashariki ilianza kupokea injini za moshi za Garratt, daraja la 59, jumla yake 34, kila moja na uzito wa tani 252 hivi, zenye nguvu kuliko injini zote za moshi katika reli ya upana wa mita moja duniani. Zilipewa majina ya milima. Mtu aliyeijua injini ile alikuwa mfalme wa karakana. Lakini kufika 1960 dizeli za English Electric zilikuwa zimeanza kuingia, na kabla miaka ya themanini haijaenda mbali moshi ulikuwa umezimika kabisa. Kisha 2017 ikafunguliwa reli mpya mpaka Miritini, na injini za Kichina zenye kompyuta ndani yake. Katika muda usiotimia miaka 60, ujuzi wa fundi wa reli umegeuzwa juu chini mara mbili. Tangu 2016 vijana wa Kenya walipelekwa kusomea mambo ya reli katika chuo cha Jiaotong, Beijing. Ni jambo jema, nawapongeza. Lakini yule aliyekwisha kuwa kazini, mwenye miaka 35, mke na karo za watoto, ni nani anayempeleka yeye popote?

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Wengi hudhani kinachomshinda mfanya kazi kusoma ni fedha. Fedha ni taabu, siwafichi; mimi nimeuza pikipiki. Lakini katika darasa letu la jioni, wenzangu walioacha, wengi wao hawakuacha kwa karo. Waliacha kwa zamu. Mtu anasoma wiki mbili vizuri, wiki ya tatu amebadilishiwa zamu, ametoka kazini saa nne usiku. Wiki ya nne hajui tena walimu wako sura gani. Mtihani ukifika, amepangwa kazi siku ile ile, akiomba ruhusa aambiwa "chagua kazi au shule". Na ukitoka Changamwe saa kumi na moja jioni uende Tudor, kisha usiku uvuke daraja la Nyali urudi Mtopanga, matatu zinavyojua kusimama, utafika nyumbani watoto wamelala. Kwa hiyo tusidai fedha kwanza, tudai saa.

Nimeitazama Sheria ya Kazi ya 2007. Inampa mfanya kazi siku 21 za likizo kwa mwaka, inampa likizo ya ugonjwa, inampa mama likizo ya uzazi na baba siku zake. Likizo ya masomo haimo. Kwa hiyo mwajiri akikunyima, hakuvunja sheria hiyo, na kumlaani barazani hakutatusaidia. Lakini uko Mkataba wa Shirika la Kazi la Dunia, nambari 140, wa mwaka 1974, juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Unasema mfanya kazi apewe muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, akiwa na haki ya malipo yanayofaa. Nchi nyingi kubwa hazikuukubali. Kenya iliukubali mwaka 1979. Wengi tulioko humu hatukuwa tumezaliwa. Mkataba umekaa kwenye kabati miaka yote hiyo, na mapatano mengi ya kazi niliyopata kuyaona hayana hata mstari mmoja juu yake.

Tena iko fedha ya mafunzo. Kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi aliye naye. Haikatwi kwenye mshahara wako, ni yeye anayelipa. Mwenye watu 400 atalipa 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Na mwajiri akipeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyokubaliwa, aweza kuomba arudishiwe gharama. Wako wanaolipa mwaka baada ya mwaka wasiombe kitu, kwa sababu hakuna aliyewakumbusha. Au wakiomba, mafunzo yenyewe yalikuwa ya mameneja hotelini, siku tatu na chakula cha mchana. Si vibaya meneja kujifunza. Lakini ile shilingi 50 ilihesabiwa kwa kichwa changu na chako pia.

Basi naomba mkutano huu uwatume wajumbe wetu, mapatano yajayo yatakapofunguliwa, wadai kifungu cha masomo. Mtu aliyeandikishwa chuoni kwa masomo ya kazi yake apewe alasiri moja kwa wiki bila kukatwa. Zamu yake isibadilishwe katikati ya muhula ila kwa dharura ya kweli, kama behewa limeanguka. Hapo hata mimi nitakuja bila kuitwa. Siku za mtihani zisihesabiwe katika likizo yake. Na akileta cheti, ngazi yake itazamwe upya katika muda uliotajwa kwa miezi, isiwe "tutaona". Hili la mwisho ndilo gumu zaidi, nanyi mtaona watalikubali lile la alasiri upesi ili walikwepe hili. Wajumbe wasikubali kuvitenganisha.

Najua mwajiri atajibu nini. Atasema, "Nikimsomesha atanikimbia." Tumjibu kwamba mtu humkimbia anayemnyima, na kama anaogopa, aandike muda wa mtu kubaki kazini baada ya kusomeshwa, mwaka mmoja au miwili, nasi tutautia sahihi. Atasema, "Mashine zitatengenezwa na nani alasiri hiyo?" Tumuulize, kreni iliyolala wiki tatu kungoja pampu isiyokuwa na kosa, ilipoteza alasiri ngapi?

Na kwa upande wetu niseme neno, msinikasirikie. Atakayepewa alasiri akaitumia kuendesha bodaboda au kulala, atakuwa amewafunga wote wanaomfuata. Chama kiombe chuo kilete orodha ya mahudhurio kila mwezi, na sisi wenyewe tuisome kabla mwajiri hajaisoma.

Liko pia swali la dada mmoja aliyeniuliza nilipokuwa nikiingia, kama haya ni ya wanaume tu. Darasani mwetu wako wasichana watatu. Mmoja wao husoma michoro upesi kuliko sisi sote, na mikono yake midogo hufika kwenye nati ambazo sisi hulazimika kufungua kitu kizima ili tuzifikie. Bwana Katibu aandike hivyo kwenye orodha, wanaume na wanawake.

Juu ya lugha, ambayo ndiyo inayowatisha wengi wa shule ya msingi. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo halina ujanja. Lakini ni Kiingereza cha maneno machache yanayorudi rudi. Mimi nilinunua daftari la kurasa 96, kila neno jipya nikaliandika na maana yake kwa Kiswahili na picha ndogo ubavuni. Mwaka wa kwanza nilijaza madaftari mawili. Mwaka wa pili nusu ya moja. Sasa mwezi hupita nikaongeza maneno matano. Madaftari yale yako nyumbani, atakayeyataka ayanakili, lakini asiondoke nayo, kwa sababu la kwanza liliwahi kuondoka likarudi halina jalada.

Nimemwachia Katibu karatasi mbili. Moja ni ya kuandika majina ya wanaotaka kuanza, iwe gredi, artisan, au zaidi. Andika na cheti ulicho nacho, hata kama ni cha darasa la nane tu, na miaka uliyofanya kazi. Ya pili ni ya wajumbe, ina maneno ya kifungu nilichokieleza, ili yazungumzwe katika mkutano wa tawi kabla hayajapelekwa mbele. Yeyote mwenye nakala ya mapatano ya kazini kwake ailete, tuyalinganishe.

Kila Jumanne baada ya isha sisi watu sita hukutana barazani kwangu kwa hesabu. Pana taa, na pana ubao ambao jirani alinipa alipohama. Jumanne hii tutafanya kugeuza fomula, jambo ambalo limewaangusha wengi katika moduli ya kwanza. Njoo na daftari lako na kalamu ya risasi, na ukiwa na kikokotoo chenye saini na kosaini, uje nacho, kwa maana tunacho kimoja tu.